Glenys Haddow na Kundi la Arobaini na Saba

Kila asubuhi ya siku za shule, Glenys Haddow husimama kwenye kivuko mbele ya shule ya msingi ya Tarrant, amevaa koti la manjano linalomfika magotini, mkononi ana kibao chekundu cha kusimamisha magari. Hapigi kelele. Anakitokeza tu kile kibao, na hata malori ya magogo husimama. Nilimfahamia hapo, nikimpeleka binti yangu Tilly. Baadaye tukahamia nyumba ya jirani naye, na nilipojifungua Darcy yeye ndiye aliyenianikia nguo wiki nzima bila kuombwa.

Ikifika saa tatu, watoto wakishaingia darasani, Glenys hurudi nyumbani, hulitundika koti, huingia gereji. Gari lake hulala nje kwenye mvua. Gereji ni ya mashine.

Ni msumeno wa nakshi: meza ndogo ya chuma kama sinia, mkono mrefu juu yake, na katikati imebanwa bledi nyembamba kama uzi, inapanda na kushuka upesi hata macho hayaioni. Bledi haitoki mahali pake. Ni wewe unayeuzungusha ubao, viganja vyote viwili umevilaza juu yake, ukiusukuma polepole kama unayemlaza mtoto. Kabla ya kuwasha, Glenys huigusa bledi kwa kucha na kuisikiliza. Ikilia sauti kali na safi, anawasha. Hapo uso wake hulegea. Simjui mtu mwingine anayeweza kuacha chai yake ipoe mara tatu asubuhi moja na bado akasema asubuhi ilikuwa nzuri.

Hukata majani ya jimbi, ndege, vibaraza vya nyumba za zamani. Haviuzi. Vingi amevigawa. Lakini kipande kimoja kila mwaka ni cha maonyesho ya wilaya, pale ukumbini, kwenye keki na jamu na soksi za kufuma. Kila aina ya kazi ina kundi lake lenye namba, na msumeno wa nakshi ni kundi la arobaini na saba. Kwa miaka kumi na moja Glenys alikuwa wa pili katika kundi hilo. Wa kwanza alikuwa Lindsay Croft, mzee aliyekuwa fundi wa mashine kwenye ghala la kufungasha tofaa. Walikuwa hawatembeleani. Walikutana mara moja kwa mwaka, mbele ya meza ya maonyesho, Lindsay akageuza kazi ya Glenys akaangalia mgongo wa ule ubao, akasema, "Bado ina manyoya," maana yake hakuipiga msasa ipasavyo. Mwaka mzima Glenys aliishi na neno hilo.

Mwaka huu, mwezi wa kumi, ilikuja barua ya kamati. Kundi lolote litakaloleta washindani chini ya watatu litafutwa, wala halitarudi. Mshindani wa tatu wa kundi hilo, mzee Oakford, alikuwa amefariki wakati wa baridi. Na Lindsay alikuwa ameshasema dukani kwamba hashindani tena.

Glenys aliisoma ile barua akiwa amesimama mlangoni kwangu.

"Renae, wewe una mikono?"

"Ninayo miwili, na yote imejaa mtoto."

"Mtoto halali mchana?"

"Akinihurumia, saa nzima."

"Saa nzima inatosha kukata bata."

Ndivyo nilivyopata kazi. Darcy alilala kwenye kigari chake nje ya mlango wa gereji, mbali na vumbi, na mimi nikakata bata. Wa kwanza alivunjika miguu kwa sababu nilikuwa nimeipitisha miguu kukingama na nyuzi za mbao. "Kila mtu huvunja miguu ya kwanza," Glenys alisema, akanipa ubao mwingine. Kwa hiyo tulikuwa wawili. Akabaki Lindsay.

Tulimwendea Jumamosi, na keki ya tofaa. Nyumba yake iko ukingoni mwa mto.

"Mmekuja kuangalia kama nimekufa?" alisema.

"Ungekufa ungeniambia," Glenys akajibu. "Usingekubali nishinde kimya kimya."

Alitumiminia chai kutoka kwenye birika aliloliegemeza mezani. Kikombe chake mwenyewe hakukigusa. Mikono aliiweka chini ya meza kama mtoto aliyekatazwa kitu. Kisha Darcy akaangusha kijiko, Lindsay akakiokota bila kufikiri, na kijiko kikagonga sahani mfululizo kama meno ya mtu mwenye baridi. Akakiachia.

"Tangu lini?" Glenys akauliza.

"Tangu Pasaka. Daktari anajua, dawa nakunywa. Kula keki yako."

"Ndiyo sababu umejitoa?"

"Ulitaka nilete nini, Glenys? Kuni?"

"Nataka ulete kitu nikishinde. Mwaka mmoja nikipewa tepe la buluu la mshindi kwa sababu wewe hukuja, hilo tepe nitamfunga nalo mbwa."

"Huna mbwa."

"Nitatafuta."

Lindsay alicheka kidogo, kisha akasema yametosha, na akainuka kututoa. Kuinuka kwenyewe kulikuwa kwa kukandamiza viganja viwili mezani. Nilivitazama vile viganja. Vilikuwa vimetulia kabisa.

Sikusema mpaka tuko garini. "Glenys, akigandamiza meza mikono yake haitetemeki."

Alifunga breki pale pale, kwenye daraja. Gari la nyuma likatupigia honi, na yeye, anayesimamisha malori kila siku, hakujali. Aligeuza.

"Lindsay!" aliita kabla hajashuka. "Washa mashine!"

Mashine yake ilikuwa bandani, imefunikwa blanketi, na bado ilikuwa na bledi tangu mwaka jana. Lindsay alibisha kwa dakika kumi. Alibisha huku analikunja blanketi. Hatimaye akaketi, akalaza viganja juu ya kipande cha ubao wa kutupa, akausukuma. Mstari ulitoka umenyooka. Akakata mwingine, wa kupinda, halafu mduara. Alipozima mashine aliuangalia ubao muda mrefu, na mikono, ilipoachia meza tu, ikaanza tena.

"Haya," Glenys akasema. "Nakshi gani?"

"Hakuna nakshi. Nakshi ni matundu. Matundu mia, na kila tundu unafungua bledi, unaipitisha, unaibana upya. Nitaipitishaje?"

"Nitakupitishia mimi."

Lindsay akanyoosha kidole kinachotetemeka kwenye karatasi ya kanuni ukutani. Kazi yote iwe ya mkono wa mshindani mwenyewe.

"Nani atajua?"

"Wewe," alisema. "Halafu ukishinda, au ukishindwa, utakuwa umeshindana na nani?"

Glenys akawa mwekundu mpaka shingoni. Mwisho akasema, "Picha ya vipande. Ile ya kutawanya na kupanga upya. Unaingilia pembeni mwa ubao, hakuna tundu hata moja. Unafunga bledi mara moja tu."

"Hizo za kuchezea watoto."

"Basi kata mbaya, tuione."

Akakata. Alikuwa na ubao wa msonobari wa Huon, mti adimu wa kwetu, wa manjano kama siagi, alioutunza miaka ishirini akingoja wazo la kuufaa. Alichora mto wetu tangu juu hadi baharini, na kuugawa vipande sitini na vitatu. Kila siku alikata kidogo, mchana, dawa ikiwa imemkolea. Glenys naye alikuwa akimalizia kibaraza chake chenye matundu mia na arobaini. Sikuwahi kumwona akipiga msasa namna ile. Aliupitisha mgongo wa ile kazi kwenye shavu lake kutafuta manyoya.

Kazi zilitakiwa ukumbini Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Zangu na za Glenys tulizipeleka Alhamisi. Ijumaa, Glenys alipotoka kivukoni, tukaenda kumchukua Lindsay. Tulimkuta kaketi mbele ya mashine iliyozimwa. Vilibaki vipande tisa, na bledi ilikuwa imekatika.

"Nimejaribu tangu saa moja," alisema.

Bledi mpya zilikuwa zimetawanyika sakafuni kama sindano. Ncha ya chini ameshaibana. Ya juu ndiyo iliyomshinda: kibanio chake kina nafasi ya ukucha, kipo hewani, hakuna pa kuegemeza mkono.

Glenys alipiga hatua moja.

"Usiguse."

"Sijagusa."

Akavuta kopo la rangi, akalikalia, kisha akaikalia mikono yake mwenyewe. Kweli kabisa, viganja chini ya mapaja. Mimi nikamshika Darcy. Lindsay akajaribu, bledi ikateleza. Akajaribu. Ikateleza. Saa tatu na nusu ikawa saa nne, saa nne ikawa na dakika zake. Jasho lilimtoka puani. Glenys alikuwa anahema kama yeye ndiye anayefanya, na kila bledi ilipoanguka nilimwona akiuma mdomo. Mikono ile imezoea kusimamisha magari, lakini sidhani kama imewahi kufanya kazi ngumu kama siku ile ya kukaliwa.

"Sema kitu," Lindsay akasema bila kugeuka. "Unanitisha ukinyamaza."

"Mashine yako chafu."

"Vizuri. Endelea."

"Na keki yangu hukuimaliza. Nimeiona jikoni, imekauka."

"Ilikuwa kavu tangu ulipoileta."

Hapo akafanya jambo ambalo hakuwa amelijaribu. Aliinama, akakandamiza paji la uso kwenye mkono wa mashine, na mkono wake mwenyewe akaubana kati ya shavu na chuma, kama anavyobana kiganja na meza. Ukatulia. Bledi ikaingia. Akakaza skrubu, akaigusa kwa kucha. Sote tuliisikia ikilia.

Saa tano na dakika ishirini aliwasha. Saa tano na dakika arobaini na tano kipande cha mwisho kilianguka kiganjani mwake. Glenys aliendesha gari, na kwa mara ya kwanza nilimwona akipita kivuko chake mwenyewe bila kupunguza mwendo, maana hapakuwa na mtu. Bi Pybus wa kamati alikuwa ameshafunga kalamu yake. Akaifungua. Akaandika: kundi la arobaini na saba, washindani watatu.

Mwamuzi alikuja Jumamosi, mama kutoka mji wa Launceston asiyemjua yeyote kati yetu, na kazi zilikuwa na namba tu. Aligeuza kila kitu mgongo. Bata wangu alimtazama kwa huruma. Kisha akaweka tepe la buluu juu ya kibaraza cha Glenys.

Glenys hakufurahi. Alimfuata yule mama hadi kwenye jamu.

"Kwa nini hiki na si ule mto?"

"Mto una kikato kimoja chenye kidato chembamba kama unywele, pale bledi ilipobadilishwa. Kibaraza hakina. Zaidi ya hapo, nisingejua pa kuamulia."

Lindsay alikuwa nyuma yetu. "Ni kweli," alisema. "Nilikiona."

"Ningekushikia ile bledi!" Glenys akamgeukia kama anayegomba. "Dakika moja tu!"

"Hukunishikia. Ndiyo maana hilo tepe ni lako." Akaikandamiza mikono miwili mezani kwanza, akakichukua kile kibaraza, akakigeuza, akaupitisha mgongo wake shavuni.

"Sema basi," Glenys akasema.

"Hakina manyoya."

Jumatatu nilipompeleka Tilly, lile tepe la buluu lilikuwa limefungwa kwenye mpini wa kibao chekundu, linapepea juu ya barabara. Lindsay Croft alikuwa amesimama upande wa pili na kigunia cha mbao begani, mikono mfukoni, anangoja watoto wamalize kuvuka.

"Saa tatu kamili gerejini kwako, Glenys," alimpigia kelele. "Usinicheleweshe. Nataka mwakani urudi pale pale ulipozoea, wa pili."

Glenys akatokeza kibao. Lori likasimama, na yeye mwenyewe akamvusha.