Nani Aliing'oa Taa ya Injini ya Gari Letu?

Gari lilizimika katikati ya makutano, Mama akiwa kiti cha pembeni yangu, na kwenye dashibodi hakukuwa na taa yoyote iliyonionya.

Lori lilipita ubavuni mwetu nusura liondoke na kioo cha upande wa Mama. Mama alifumba macho. Alikumbatia tu mkoba wenye karatasi zake za hospitali.

Nilijua papo hapo wa kumlaumu. Nilikosea nusu.

Figo za Mama hazifanyi kazi. Mara mbili kwa wiki lazima asafishwe damu, na hospitali iko mwendo wa dakika arobaini. Kwake, kukosa siku moja si mchezo.

Gari letu lina miaka kumi na tisa. Tangu mwaka jana taa ya injini ilikuwa na vituko. Inawaka leo, inazima kesho, inakaa kimya siku tatu, inawaka tena.

Nimesomea ufundi wa magari chuoni. Ila mimi ni mtu wa aibu. Nikikanyagwa mguu, mimi ndiye ninayeomba radhi. Basi gari nikawa nalipeleka kwa fundi wa mtaani kwetu, ambaye watu wote humwita Daktari.

Matibabu yake yalikuwa ya aina moja. Anachomoa waya wa betri, anapiga soga kidogo, anaurudisha. Taa imezima.

"Imepona hiyo. Nenda."

"Fundi, ukichomoa betri unafuta kumbukumbu ya gari. Tungepima kwanza, tuone linalalamikia nini."

"Binti, wewe ulisomea magari au ulisomea maneno?"

Gereji nzima ikacheka. Nami nikacheka nao, mjinga mimi. Nilipofika nyumbani nilijifungia bafuni, nikalia kwa hasira.

Kuanzia hapo nikawa naandika kila taa inapowaka. Karibu kila mara tulikuwa tunapanda mlima, injini ikivuta kwa nguvu. Kulikuwa na kitu kinachotikisika.

Miezi ikapita, kisha nikapata kazi mji mwingine.

"Mama, siondoki mpaka nijue taa hii ina nini," nilimwambia. "Mjomba ndiye atakayekuwa anakuendesha, na yeye hata oili hajui inapowekwa."

"Sawa, mwanangu," akasema, macho kwenye kikombe chake.

Wiki iliyofuata taa ikaacha kuwaka. Milima tulipanda, wapi. Siku kumi na nane. Nikaanza kukunja nguo zangu.

Siku ya kumi na tisa ndiyo hiyo tuliyozimikiwa makutanoni.

Nilizungusha ufunguo upya. Kwa kawaida, ukifungua swichi kabla injini haijawaka, taa zote za onyo huwaka kidogo, zinajipima. Ya betri iliwaka. Ya oili iliwaka. Ya breki iliwaka.

Ya injini ilibaki giza.

Gari likakubali kuwaka. Nilimfikisha Mama, nikamkabidhi kwa muuguzi, kisha nikarudi kwenye maegesho na bisibisi. Nikafungua dashibodi.

Balbu haikuwepo. Mtu alikuwa ameing'oa.

Jamani, nilipandwa na hasira hadi masikio yakaziba. Nilifungua boneti, nikaiacha injini inaunguruma, nikaanza kutikisa nyaya, mmoja baada ya mwingine. Nilipogusa waya wa sensa, kifaa kinachoiambia injini lini itoe cheche, injini ikazimika.

Nikawasha tena. Nikautikisa tena. Ikazimika tena.

Waya ulikuwa umechunika pale unapopita kwenye bano la chuma. Injini ikiyumba mlimani, shaba inagusa chuma. Taa ilikuwa inasema kweli mwaka mzima. Niliukata waya, nikauunganisha upya, nikaufunga vizuri mbali na lile bano. Kazi ya nusu saa.

Mama alipotoka nilimpitisha moja kwa moja gereji.

"Karibu, profesa," Daktari akaanza.

"Balbu iko wapi?"

"Balbu gani tena?"

"Uliyoing'oa. Mama yangu ametoka kuponea chupuchupu. Anaishi kwa kuhesabu siku za hospitali, halafu wewe unalifumba gari macho ili uitwe fundi? Hayo si matibabu. Huo ni uuaji."

Sauti haikuwa yangu. Mtu akazima redio.

Nilimngoja anijibu kwa dhihaka, nimrarue. Alifuta mikono kwenye suruali, akatazama garini.

"Muulize mzazi wako."

"Usimsingizie mgonjwa."

"Mwache," Mama akasema dirishani. "Ni mimi niliyemwomba."

Nikageuka.

"Taa ingeendelea kuwaka, ungeikataa ile kazi," akasema taratibu. "Ungebaki hapa unanilinda mpaka uzeeke."

"Mama, ungekufa."

"Ningekufa wewe una kazi."

Anasema hivyo huku plasta ya sindano bado iko mkononi. Sikuwahi kumpenda wala kumkasirikia mtu kiasi kile kwa pamoja.

"Aliniita nyumbani ulipokuwa umetoka, akanisihi sana," Daktari akanong'ona. "Alisema ni kwa ajili yako."

"Wewe ndiye fundi. Ungemkatalia."

Daktari akafungua droo, akaitoa balbu.

Aliirudisha mahali pake mbele yangu. Nyumbani nilinuna siku mbili. Nampikia Mama, nampa dawa, nanuna. Siku ya tatu nilimkalisha Mjomba nyuma ya usukani, nikamfundisha kila taa na maana yake, Mama akisikiliza. Kisha nikasafiri kwenda kazini kwangu.

Hasira haijaisha yote, na sitaki iishe. Wewe fundi, mteja akikuomba umzimie taa, hata akilia, kataa. Na nyinyi wazazi mnaotuficha hatari ili tusonge mbele, tuambieni tu. Tutaogopa, ndiyo, lakini tutashika bisibisi. Mama yangu angeniambia siku ile niliposema siondoki kwamba anaogopa nitaikataa kazi kwa ajili yake, badala ya kuing'olesha balbu, ningeupata ule waya kabla hajafumba macho yake makutanoni.