Nta ya Kinanda Changu

Nilizaliwa Kanyosha, katika nyumba ya matofali mabichi, na nilirudi Bujumbura nikiwa na diploma ya kutengeneza vinanda yenye mihuri miwili. Naanza na diploma kwa sababu hofu ninayotaka kuisimulia ilitoka humo. Niliipata Ubelgiji, bila mfadhili na bila mjomba serikalini. Mchana niliosha vyombo katika mkahawa, jioni nikakaa darasani na vijana wa umri wa wadogo zangu, nikijifunza kufungua akodioni, kusafisha zile ndimi nyembamba za chuma zinazotoa sauti, na kuzibandika upya kwa nta. Nilimaliza wa pili. Wa kwanza alikuwa mtoto wa mwenye kiwanda cha akodioni, kwa hiyo mimi huhesabu kwamba nilimaliza wa kwanza.

Watu waliniuliza kwa nini narudi wakati wenye akili wanakimbia vita. Niliwajibu kwamba nchi inahitaji watu waliosoma. Hilo lilikuwa kweli. Kweli nyingine ni kwamba Ulaya nilikuwa fundi mmoja kati ya wengi, na huku nilijua nitakuwa peke yangu.

Sikuwa peke yangu. Buyenzi, mtaa wa Waislamu wa zamani wa mjini, kulikuwa na mzee mmoja makanika ambaye ujanani alipiga akodioni katika kundi la taarabu. Kila Jumamosi baada ya sala ya adhuhuri alisukuma magari nje ya karakana yake, akafagia, akamwaga maji kutuliza vumbi, na chama chetu cha akodioni kikaanza mazoezi pale penye harufu ya oili. Tulikuwa watu saba. Vinanda vingine viliachwa na wamisionari, vingine na Wagiriki waliofunga maduka yao na kuondoka. Tulipiga kwenye harusi za Waislamu na za Wakristo, kwenye wodi ya watoto hospitalini, na kwenye kambi za waliokimbia makwao, ambako mwanamke mmoja aliwahi kutuomba tusiache kupiga mpaka maharage yake yaive.

Tuliogopa wakati wote. Mizinga ikilia vilimani, tuliendelea hadi mwisho wa ubeti, kisha tukaangaliana kuona nani atanyanyuka kwanza. Mimi nilipanga nyumba Kiriri, kule juu kwa wakubwa, na bado nililala na viatu miguuni.

Chama kilikuwa na desturi moja ambayo mzee aliiweka. Kinanda chako kikiharibika siku ya onyesho, hupewi cha mwenzako. Unabeba masanduku ya wengine mpaka siku iishe. Nilipoisikia mara ya kwanza nilicheka, nikamwambia mzee kwamba desturi hiyo ilihitajika kabla sijafika.

Yeye na mimi tuligombania nta. Mzee alichanganya nta ya nyuki na utomvu mwingi wa msonobari, ikawa nyeusi na ngumu. Mimi niliitengeneza kama nilivyofundishwa, nta safi yenye matone ya mafuta ili iwe laini, isipasuke.

"Muzee, hii si nta," nilimwambia mbele ya wote. "Hii ni lami."

"Ulaya kuko baridi, mwanangu," alijibu bila kuinua macho. "Jua ya huku haikusoma kwenye shule yako."

Wanachama wanne walinipa vinanda vyao nivisafishe, nikawarudishia vikiimba vizuri. Mmoja, ambaye ndiye ninayetaka kusimulia habari zake, hakunipa chake. Alikuwa mwashi wa Kinama, mtaa wa kaskazini mwa mji, mtu wa miaka arobaini hivi, mwenye vidole vinene ambavyo hungedhani vinaweza kubonyeza kitufe kimoja bila kubonyeza viwili. Kinama ilipofagiliwa na wanajeshi, alikimbilia Buyenzi, mzee akampa chumba nyuma ya karakana. Mama yake alikataa kuondoka nyumbani kwake. Mwashi alikuwa hajamwona kwa miezi mitano, kwa sababu njia ya Kinama ilikuwa na bariyeri, kizuizi cha wanajeshi, na kwenye ile bariyeri wanaume wa Kinama wa umri wake walikuwa wanashushwa kwenye magari.

Nilimfuata kila Jumamosi. "Leta kinanda nikutolee hiyo lami."

"Wiki ijayo, patron," alijibu, akiniita bosi.

"Ulisema hivyo hivyo wiki jana."

"Basi ni wiki ijayo ileile. Haijafika."

Kisha padri mmoja wa Kinama akatuomba tupige Jumapili mchana kwenye ua wa kanisa lake, kwa familia zilizorudi katika nyumba zisizo na mabati. Alitupa karatasi yenye muhuri wa kanisa. Mwashi aliisoma ile karatasi mara nyingi mpaka ikalegea kwenye mikunjo. Mzee alimwambia abaki. Mwashi akasema apana, mama yake atakuwa uani, na mutu anayekwenda na kinanda si sawa na mutu anayekwenda mikono mitupu. Mimi nilimuunga mkono. Nilimwambia atapita na mimi, na kwamba mimi najua kuongea na wakubwa.

Wanne walitangulia kwa basi dogo la asubuhi, kabla jua halijawa kali, wakachukua na kinanda cha mzee. Sisi watatu tulifuata kwa pikapu ya mzee. Kiti cha mbele kilikaliwa na sufuria ya pilau ambayo mke wa mzee aliwapikia watu wa Kinama, kwa hiyo mwashi na mimi tulikaa nyuma, nje, na masanduku yetu mawili meusi katikati. Kwenye bariyeri kulikuwa na foleni. Tulisimama juani kwa muda wa karibu saa mbili. Mabati ya pikapu yalichoma kupitia suruali. Niliweka mkono juu ya sanduku langu nikauondoa haraka, wala sikufikiri lolote, kwa kuwa macho yangu yalikuwa kwenye nyumba moja ya matofali ambayo haijaezekwa, kando ya barabara. Mbele ya ukuta wake walikaa wanaume wawili, mikono juu ya vichwa. Mwashi alikuwa anawatazama wao hao.

"Mmoja namujua," aliniambia polepole. "Tulijenga naye shule."

Zamu yetu ilipofika, mkubwa wa bariyeri alichukua vitambulisho. Alikuwa mrefu, macho mekundu kwa kukosa usingizi, na alizungumza Kiswahili cha mjini. Karatasi ya padri hakuigusa. Alisoma kitambulisho cha mwashi, akamtazama usoni, akakisoma tena.

"We wa Kinama, unatoka Buyenzi. Unafanya nini kule?"

"Nalala kwa huyu muzee, shefu. Tunapiga muziki."

"Kila mutu siku hizi anapiga muziki. Shuka."

Mwashi alishuka. Mimi sikungoja kuulizwa. Nilisimama juu ya pikapu, nikasema sisi ni chama cha akodioni, kwamba mimi ni fundi mwenye diploma kutoka Ubelgiji, na kwamba nikiruhusiwa nitapiga kipande kimoja ili kuondoa shaka.

"Ehe," alisema mkubwa. "Piga, musomi."

Niliinua sanduku, na ndani yake kikalia kitu. Kililia kama vyuma vidogo vingi vinavyomwagika kutoka upande mmoja hadi mwingine. Wanajeshi watatu walirudi nyuma hatua moja na kuelekeza bunduki kifuani pangu.

"Weka chini! Weka chini!"

Niliweka chini. Nilijua papo hapo kilichotokea, na kulijua jambo hilo kulinitisha kuliko zile bunduki. Nta yangu laini ilikuwa imeyeyuka. Ndimi zote zilikuwa zimedondoka ndani ya kinanda.

"Iko nini mule ndani?"

"Vyuma vya sauti, shefu."

"Vyuma vya sauti?" Aliwageukia wenzake. "Bunduki nayo ni chuma ya sauti. Fungua. Polepole."

Nilipiga magoti kwenye lami. Nilitoa bisibisi yangu ndogo mfukoni. Nilipotenganisha kinanda na mivukuto yake, vibamba vya chuma vilimwagika mbele ya buti zake, na nta ikavifuata kama asali. Aliokota kimoja, akakinusa, akakigeuza kwenye mwanga.

"Na we ndo fundi?"

"Ndiyo, shefu. Nina diploma."

"Ilete."

"Iko nyumbani."

Walicheka wote. Nilitaka waendelee kucheka siku nzima, maana niliona kwamba mtu anayecheka hafyatui. Lakini mkubwa aliacha ghafla, akamnyooshea mwashi kidole.

"Huyu amesema ni fundi, kinanda yake imekufa. We je? Yako nayo ni ya kubeba tu?"

Hapo niliogopa kama ambavyo sijaogopa tena. Sanduku la mwashi lilikuwa limekaa juani pamoja na langu, kwa muda uleule, kwenye bati lilelile. Kama lingelia likiinuliwa, angepelekwa kwenye ule ukuta. Na kama angenikubalia Jumamosi yoyote kati ya zile zote nilizomsumbua, ndani ya sanduku lile kungekuwa na nta yangu.

Mzee alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, midomo ikisoma dua. Mwashi aliinua sanduku. Kimya. Alitoa kinanda, akavaa mikanda, akavuta. Sauti ilitoka mbaya mwanzoni, kama mtu anayeamshwa, kisha ikanyooka. Alipiga wimbo ambao tunaupiga bibi harusi anapotoka kwao. Alikosea mara mbili mahali ambapo hakuwa akikosea kamwe. Jasho lilimdondoka kidevuni likaingia kwenye vitufe. Mmoja wa wale wawili ukutani aliinua kichwa, mwanajeshi akamgusa na mtutu, akakiinamisha.

"Ongeza," mkubwa alisema.

Aliongeza. Alipiga nyimbo tatu pale barabarani, magari yote yamesimama, hakuna aliyethubutu kupiga honi. Baada ya wimbo wa tatu mkubwa alimrudishia kitambulisho, taratibu, akikiangalia bado.

"Nendeni. Saa tisa nataka kuona hii gari hapa, inarudi. Na huyu ndani yake."

Kinama, nilibeba masanduku. Nilibeba la mwashi, la mzee, na ya wale wanne, kutoka ua hadi ukumbi na kutoka ukumbi hadi ua, huku langu likibaki garini na kinanda kilichokufa, ndimi zake zimefungwa kwenye leso. Mama yake mwashi, mwanamke mdogo aliyevaa koti la mwanaume, alikaa mstari wa mbele akiwa ameshika mguu wa kiti cha mwanawe muda wote alipopiga. Nilipopita, mama alimuuliza mwanawe:

"Huyu mubeba masanduku mumemutoa wapi?"

"Ni fundi wetu, mama. Amesoma Ulaya."

"Masikini," alisema.

Siku nyingine ningemweleza habari za darasa letu na nani alimaliza wa ngapi. Siku ile nilikuwa natazama saa. Watu walikula pilau, watoto walicheza, nami niliona mshale wa saa tu ukisogea kuelekea saa tisa. Mama alimuomba mwanawe abaki. Mwashi akasema akibaki, ile gari itarudi bila yeye, na muzee atalipa. Alimwachia shati lake la akiba, sijui kwa nini, akapanda.

Tulipoikaribia bariyeri, mzee alipunguza mwendo. Mwashi alisimama nyuma ya pikapu na kuanza kupiga kabla hatujaambiwa kitu. Nilimshika mkanda wa suruali kwa mikono miwili asianguke. Nilikuwa natetemeka, naye anatetemeka, na mtetemo wetu ukaingia kwenye wimbo ule wa bibi harusi. Mkubwa alituona kwa mbali. Hakutusimamisha. Aliinua gongo la bariyeri yeye mwenyewe na kutupungia tupite. Mbele ya ule ukuta hapakuwa na mtu. Mwashi aliona. Aliendelea kupiga mpaka tulipofika sokoni, na pale vidole vikakataa, akakaa sakafuni mwa pikapu akikumbatia kinanda.

Jumamosi iliyofuata nilifika karakana mapema. Mzee alifungua kinanda changu kilichokufa, akakitazama, wala hakunicheka. Afadhali angecheka. Alinisogezea kopo la nta nyeusi lililokuwa juu ya jiko la makaa, akanipa kijiti.

"Koroga. Usiache ichemke."

Nilikoroga. Moshi wake ulinitoa machozi. Diploma yangu ni halali na mihuri yake ni halali, na hadi leo sijaona mtu Bujumbura anayesawazisha sauti kama mimi. Lakini hakuna mwalimu wangu aliyewahi kuacha kinanda juu ya pikapu saa saba mchana kwenye njia ya Kinama, na mimi niliyezaliwa kwenye jua hilo nilisubiri bariyeri inikumbushe.

Mwashi alitoka chumbani kwake na sanduku begani, akaliweka mbele yangu.

"Patron, wiki ijayo imefika," alisema. "Kuko sauti mbili zinakwaruza tangu ile siku. Tengeneza. Lakini na nta ya muzee."

Nilifanya kazi mchana kutwa. Siku ya pili, saa sita kamili, nilipandisha vinanda vyote viwili, chake na changu, juu ya paa la bati la karakana, ndani ya masanduku yao, nikakaa chini kwenye tairi nikiviangalia. Mwashi alikuja akakaa nami. Upande wa vilima kulikuwa na milio, mbali. Saa nane nilipanda, nikashusha chake kwanza, nikakileta karibu na sikio na kukitikisa kwa nguvu.

Hakikulia kitu.