Kitabu Kinachoanzia Kwenye Waya

Wanaosoma kitabu changu cha historia ya Kionga hunisifu, kisha huniuliza: mbona kinaanzia kwenye waya? Swali hilo linanichoma mpaka leo.

Wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji, wanajeshi wa Kireno walituhamisha kutoka minazini kwetu Kionga, wakatufungia katika kijiji kilichozungushiwa waya. Nilikuwa mwalimu. Asubuhi niliwakaririsha watoto mito ya Ureno, ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kunawa maji yake. Jioni nilimwendea bibi yangu, maana ni yeye tu aliyebaki akijua ni akina nani waliotangulia kufika Kionga, na walitoka wapi.

"Bibi, niambie niandike."

"Hapa? Wazee hawatajwi mpaka wamwagiwe unga makaburini kwao. Nipeleke kule, nitakwambia yote."

Makaburi yenyewe yalikuwa ng'ambo ya waya tu, tukiyaona! Nikamwomba ruhusa mkuu wa kambi, akacheka. Nikarudi kwa bibi, nikambembeleza, nikamgombeza, mwisho nikamwaga unga pale pale uani kwa hasira.

Akautazama. "Umepoteza chakula, mjukuu wangu."

Akafa mle mle ndani, tukamzika kando ya waya.

Vita vilipokwisha nilikwenda makaburini na unga wangu. Nikaumwaga kama inavyotakiwa, nikafungua mdomo niwataje wazee. Jina nililolijua lilikuwa la bibi tu, na yeye hakulala pale.