Vioo Vitatu Alivyokataa Kuvitoa Dufie

Saa mbili asubuhi, Akua Dufie anakaanga shanga. Ni punje za kunyonya unyevu, zenye rangi ya waridi kwa kulowa. Anazigeuza kwa mwiko mpaka ziwe buluu.

"Mama, karanga zimeiva?" anauliza Kwabena Nyantakyi, mwanafunzi wa uzamili.

"Zimeiva. Anza kula, nikuone."

Dufie, mwenye umri wa miaka 46, ni fundi wa maabara katika chuo kikuu kimoja mjini Kumasi. Hapa hutengenezwa seli za jua za perovskaiti, fuwele zinazonasa mwanga. Mwanga ukiipiga seli, elektroni huondoka na kuacha nafasi tupu, inayoitwa tundu. Dufie hupaka tabaka jembamba linalobeba matundu hayo hadi kwenye utando wa dhahabu unaokusanya umeme. Bila hilo, umeme ni haba mno.

Anadondosha tone la dawa ya tabaka hilo juu ya kipande cha kioo kinachobeba seli, nacho kinazunguka mara elfu nne kwa dakika. Kisha tabaka sharti lipumue hewa kavu usiku kucha, ndipo lipitishe umeme vizuri. Maelekezo ya ng'ambo husema liachwe mezani. Juni iliyopita aliyafuata. Mvua ikanyesha mpaka asubuhi, vioo kumi na viwili vikaharibika kwa unyevu.

"Gramu moja ya unga wa kutengenezea tabaka lile ni cedi elfu tatu. Mimi napokea elfu mbili na mia sita kwa mwezi," anasema. "Nilijua nafukuzwa."

Hakufukuzwa, ila mkataba wake ulibakiza wiki tatu, na unga ulitosha vioo sita tu. Jumanne moja asubuhi alivipaka na kuvifungia kwenye sanduku lenye shanga kavu. Mchana, mkuu wa mradi, Daktari Araba Quansah, akaja.

"Dada Dufie, lete vioo. Zamu yetu kwenye mashine ya kupaka dhahabu ni saa nane."

"Havijapumua, Daktari."

"Zamu nyingine ni Alhamisi, na ripoti ni Ijumaa."

"Kwani Alhamisi haitangulii Ijumaa?"

Nyantakyi akainama kuficha kicheko. Daktari akachukua vitatu. Vitatu Dufie akavikalia.

Vya Jumanne viligeuza asilimia tisa ya mwanga kuwa umeme. Vya Alhamisi, kumi na saba. Daktari alizisoma namba mara mbili, akasema, "Haya."

Mkataba umeongezwa mwaka mmoja. Sasa Dufie anaandika maelekezo yake mwenyewe kwa mkono; amefika ukurasa wa nne.

"Yote tunayosoma yameandikwa na watu wa hewa kavu," anasema. "Nataka yawepo ya kwetu, kunakonyesha."