Gatimu na Mwanamke wa Kungoja

Gatimu alikuwa na bucha mjini Nyeri, karibu na soko, na hakuna mtu ambaye yeye alimdharau kama yule anayemngojea mwenzake. Mkewe Kabura alipomngoja na chakula jioni, Gatimu alimtazama kama anavyotazamwa mbwa mlangoni mwa bucha.

"Kwani githeri haishuki bila mimi?" alikuwa akimwuliza. "Ungekula ulale."

Kabura alikuwa fundi wa cherehani, mzaliwa wa Mukurweini, na mwanzoni alidhani ukali ule ni uchovu wa kazi. Akazidisha upole. Kadiri alivyouzidisha, ndivyo mumewe alivyozidi kumwona bwege. Mwaka wa sabini na tano Gatimu akaanza kutoweka. Alikuwa akienda Kiriaini kununua ng'ombe, akikaa wiki nzima bila kuaga, kisha akirudi na kumkuta mkewe amevimba macho. Hapo alisikia kinyaa, kana kwamba ameshika nyama iliyooza.

Kinyaa hicho alifundishwa. Wakati wa Hali ya Hatari, Emajensi ya wakoloni, askari walimchukua mama yake, Wamucii, kutoka nyumbani kwao Tetu, wakampeleka kizuizini. Gatimu, akiwa bado mtoto, aliachwa kwa shangazi. Kila jioni alisimama kwenye ua akilia, mpaka shangazi akawaita watoto wa jirani waje wamcheke.

"Tazameni huyu. Ati machozi yake itafungua jela."

Akaacha kulia. Miaka ilipita, mama akarudi, amekonda, akamnyoshea mikono. Mtoto akampa kisogo, akaenda kukata majani ya ng'ombe. Shangazi akamsifu kwamba sasa amekuwa mwanaume, na kwa sifa hiyo alikua, na kwa sifa hiyo akaoa.

Kabura aliyasikia haya kwa Wamucii mwenyewe, siku mama huyo alipowatembelea na mwanawe akamsalimu kama mteja. Kabura akamhurumia mumewe, na huruma ikamweka pale mwaka mwingine. Kisha Gatimu akatoweka tena, Krismasi ya mwaka huo. Aliporudi, alikuta cherehani imefungwa kamba juu ya mkokoteni, na Kabura akijifunga kitambaa kichwani. Macho yake yalikuwa makavu.

"Sasa unanitoroka?" Gatimu aliuliza, akicheka.

"Mama yako alichukuliwa kwa bunduki," Kabura alisema. "Mimi hakuna mtu amenishika. Naenda na miguu yangu, mchana, ukiniona. Ukitaka nisiende, sema."

Neno lilimfika ulimini. Akalidharau, akalimeza.

"Watu wanasema wewe ni mkali," Kabura akaendelea. "Wewe ni mtoto amenuna tangu Emajensi. Nimechoka kukulea."

Mjini, Gatimu alitangaza kwamba amemfukuza, kwamba alikuwa mwanamke wa kulialia. Wateja walipokea nyama yao wakaenda zao. Mvua za masika zilipoanza alifunga bucha akaenda Mukurweini, ati anatafuta mbuzi. Kabura alikuwa akishona kwenye baraza ya duka la kaka yake. Alimpa kiti na chai, kama mgeni yeyote.

"Mbuzi za huku zimekonda," Gatimu alisema.

"Basi usinunue," Kabura akajibu, bila kuinua macho kutoka kwenye kitambaa.

Gatimu alimaliza chai, akajipangusa suruali, akaondoka akijiambia kwamba mwanamke yule hana moyo. Mwaka uliofuata alioa tena, msichana mpole wa Tetu. Huyo alikwenda zake bila kungoja hata mavuno ya kahawa.