Hitima ya Wakwangua Kutu

Wenzangu mliokulia Likoni enzi zetu, najua magoti yenu hayajasahau sakafu zilivyosuguliwa. Kwetu ilikuwa balaa zaidi, kwa sababu Babu, baba yake mama, aliwahi kufanya kazi kwenye manowari ya Waingereza. Kila Jumamosi asubuhi alitupanga wajukuu mstari mmoja, kila mtu na kumbi lake la nazi, tukasugua baraza kwa mchanga na maji ya chumvi kama mabaharia wanavyosugua sitaha. Wajukuu wangu leo wakipewa dekio lenye mpini mrefu wanalalamikia mgongo, na simu wameishika mkono wa pili.

Tukimaliza, Bibi alitupa mahamri na mbaazi za nazi, naye Babu akaanza hadithi yake, ileile moja. Manowari hiyo iliundwa yeye akiwa mtoto wa chuoni, akisoma Kurani. Vita vya kwanza ilikwenda ikiwa mpya, na mizinga ambayo mtoto angeweza kutambaa ndani yake. Ikazeeka, ikatiwa viraka, na vita vya pili vilipozuka, ikiwa haina mbio tena, ikaletwa Kilindini kusindikiza meli za askari. Hapo ndipo Babu na wenzake walipoajiriwa kuikwangua kutu, wakining'inia ubavuni juu ya ubao wa kamba, jua likiwachoma mgongo na chuma kikiwachoma uso. Wawili waliteleza wakazama. Wengine waliisha baadaye, mmoja mmoja, kwa kifua.

"Meli nzee haitukanwi," alikuwa akitwambia, "yataka kukwanguliwa taratibu." Bibi alicheka, akasema mzee anajisemea mwenyewe.

Manowari ilipoondoka, mnyapara aliwaambia itarudi, na Babu akaamini. Miaka ikapita, naye kila akishasali alasiri alikwenda kuangalia mlango wa bandari. Mpaka Athmani, mtoto wa jirani aliyekuwa baharia, akarudi kutoka Uingereza na habari: manowari ilikatwakatwa ikawa chuma chakavu, zamani, kabla hata mimi sijazaliwa. Babu hakula siku ile. Kesho yake akatuma mwalimu wa chuo aitwe, akataka isomwe hitima.

Mtaa mzima ukacheka. Mzee anataka kuisomea meli! Mama alijifungia ndani kwa aibu. Mwalimu akaja, akamkataza kwa upole, akamweleza kuwa hitima husomewa binadamu aliyekufa.

"Chuma hakisomewi, mwalimu, nalijua hilo," Babu akasema. "Nalisema ikirudi nitawaonyesha wanangu kazi ya wenzangu. Sasa hakuna cha kuonyesha. Na wengine walikuja mjini peke yao, hawakuwa na wa kuwasomea."

Mwalimu akamwomba amtajie majina ya hao wenzake. Babu aliyataja yote. Mmoja alikuwa Mtaita, Mkristo, na Mama Wakesho, jirani yetu, akasema huyo aachiwe yeye, atamwombea kanisani. Jumapili akafanya hivyo. Kwetu Bibi alipika pilau, na wale waliocheka ndio waliowahi kukaa mkekani. Kila jina lilipotajwa tuliitikia amina, hadi watoto. Nililia, na sikumjua hata mmoja kati yao.

Mwaka huu kiwanda nilichozeekea, kule Changamwe, kimevunjwa. Mitambo tuliyoipaka mafuta ujana wetu wote imepakiwa kwenye malori, imekwenda kuuzwa kwa kilo. Nikayaandika majina ya wenzetu waliotangulia kwenye kikundi chetu cha simu, nikaomba tukutane tuwasomee. Nikaletewa vikaragosi vya mikono ya dua, halafu mtu akatuma tangazo la viwanja vya Utange. Vijana wanasema tunapenda kulalamika. Wallahi si kulalamika, ni kuchoka.

Babu alikuwa na mtaa wa kumcheka, na mtaa huohuo ukamwitikia. Mimi hakunicheka mtu. Nilitandika mkeka sebuleni, nikawasomea wenzangu jina kwa jina, na amina nikaitikia mwenyewe.