Mdudu wa Kufundisha Mluzi

Nilipokuwa mtoto wa kung'oka meno, sikutaka baiskeli wala viatu vipya. Nilitaka kujua kupiga mluzi.

Kila mwezi wa sita, shule zilipofungwa, nilipandishwa treni Tabora mjini, na bibi yangu mzaa mama akanipokea Usinge. Kutoka hapo tulikwenda kijijini kwake, karibu na ziwa. Ndio wakati wa kipupwe. Asubuhi unatoa pumzi ukaiona, na maji ya ziwa yanarudi nyuma na kuacha tope, na kwenye tope hilo wanakuja ndege wa kila aina kutafuta riziki. Bibi naye alikwenda kutafuta yake. Alikata mafunjo ya kusukia mikeka, na wajukuu waliojua mluzi walifuatana naye kuyabeba.

Wasiojua walibaki nyumbani kuchambua maharage.

Sababu yake ilikuwa hii. Ziwani kwetu hakuna aliyeita jina la mtu kwa sauti. Bibi alisema reli imelala juu ya njia ile ile ya wapagazi wa zamani, na kwamba mpagazi mmoja aliwahi kuitwa na mwenzake pale kando ya maji. Ziwa likalisikia jina, likalishika. Tangu hapo kila jioni likawa linamwita, hadi siku moja akatua mzigo wake, akalifuata. Kwa hiyo ndani ya mafunjo, ambako hata mtu aliye hatua chache humwoni, watu walijuana kwa mluzi. Bibi alipiga wake, mrefu wenye mkunjo mwishoni, na kila mtoto akajibu kwa wa kwake. Asiyeweza kujibu angepotea, na bibi hakuwa tayari kupoteza mtoto wa mtu.

Mimi nilipojaribu, ulitoka upepo na mate.

"Wewe kibogoyo, unapooza uji?" aliniuliza Shija, binti wa mama mdogo, aliyenizidi umri kidogo na maneno mengi. Mluzi wake ulikuwa mkali kiasi cha kumwamsha jogoo.

"Meno yataota."

"Yakiota, likizo imeisha. Utarudi mjini na maharage yako."

Nililia. Nililia hasa, kwa sababu ilikuwa kweli: likizo iliyotangulia nilibaki nyumbani, na niliyaona mafunjo yakirudi na hadithi za ndege ambao mimi sikuwaona. Shija aliponiona nalia alinihurumia, akaninong'oneza dawa ambayo watoto wote wa pale waliijua. Yupo mdudu mdogo mweusi anayeng'aa, anayezungukazunguka juu ya maji yaliyotulia kama aliyepoteza sindano. Ukimshika ukamweka kwenye ncha ya ulimi, akikuuma, mluzi unakuingia.

Nilimpelekea bibi habari hiyo nikidhani atacheka. Hakucheka.

"Ni kweli, mke mwenzangu," alisema. Hivyo ndivyo alivyotuita wajukuu wa kike wote, kwa utani wa kugombania babu. "Lakini Shija amekuficha nusu ya dawa. Akishakuuma, hufungui mdomo mpaka kereng'ende wote waruke. Ukisema neno moja tu, mluzi unarudi majini."

"Hata nikiumia?"

"Hata ukiumia. Wewe unaweza kunyamaza?"

Shija alijibu kwa niaba yangu, kwa kicheko.

Kesho yake asubuhi tulifika ziwani kabla jua halijatoka vizuri. Kulikuwa na baridi hata wale wadudu walizunguka kivivu, na bibi akamchota mmoja kwa chujio la chai. Alikuwa na harufu ya tunda lililovunda. Nilifumba macho, nikatoa ulimi.

Aliniuma! Machozi yalinitoka, mdomo ukataka kufunguka wenyewe. Niliubana kwa mikono yote miwili.

"Amekuuma sana?" aliuliza Shija kwa upole wa uongo. "Eti? Sema tu, kidogo tu."

Bibi alimvuta kwa kanga, wakazama ndani ya mafunjo. Nikabaki peke yangu juu ya kichuguu, mdomo umefungwa, nikiwasubiri kereng'ende.

Nilipowatazama ndipo nilipoelewa ukubwa wa kazi. Walikuwa wamejaa kwenye kila ua la funjo, mabawa yao yamelowa umande, wameganda kwa baridi kama wamechongwa. Nilimgusa mmoja mkiani. Hakusogea. Bila neno la kusema wala mtu wa kusema naye, sikuwa na la kufanya ila kutazama.

Kwanza akaja fundichuma, yule ndege wa kahawia mwenye kichwa kama nyundo. Alitua karibu nami kiasi kwamba niliona tope kwenye vidole vyake. Alipapasa maji kwa mguu mmoja, kama mama anayetafuta punje iliyoanguka, akashika chura. Kisha nikamwona ndege mwenye vidole virefu ajabu akitembea juu ya majani ya yungiyungi, na nyuma yake vifaranga vyake, vidogo kama vifungo vya koti. Kitu kilipomshtua alichutama, akavikumbatia chini ya mabawa, akainuka na kuondoka navyo, miguu yao mirefu ikining'inia. Nilikaribia kupiga kelele. Nikakumbuka dawa yangu, nikaimeza kelele ile nzimanzima.

Jua likapanda. Kereng'ende wangu wakaanza kutetemeka. Mmoja, halafu jirani yake, halafu wote, mabawa yakitikisika mahali pamoja, umande ukirushwa kama vumbi la kioo. Akaruka wa kwanza. Punde hewa yote juu ya maji ikajaa wekundu na buluu, na juu ya mafunjo hakubaki hata mmoja.

Wakati huo huo, kutoka ndani, nikasikia mluzi wa bibi, mrefu wenye mkunjo mwishoni. Shija akajibu. Kisha bibi akapiga tena, na nikajua sasa ananiita mimi.

Ulimi ulikuwa umevimba. Niliusogeza kwenye pengo la meno, nikapuliza. Upepo. Nikapuliza tena, taratibu, na kitu chembamba sana kikatoka, kikayumba, kikasimama.

"Bibi!" Shija aliropoka kutoka kwenye mafunjo. "Kuna ndege mpya! Sijawahi kumsikia huyu!"

Kisha nikasikia bibi akicheka.

"Si ndege huyo," alisema. "Ni mke mwenzangu. Mwache aje, abebe mzigo."

Nilibeba mzigo ulionizidi, nikauringia njia nzima.

Nimekuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa muda mrefu, na watoto wameniuliza mengi, lakini hili nalijiuliza mwenyewe: ni nini kilichonipa mluzi? Huenda mdudu. Huenda ulimi uliovimba ulijikuta pale pengo lilipo. Na huenda bibi, baada ya siku nyingi za kelele zangu na za Shija, alitaka tu asubuhi moja ya utulivu. Sikumwuliza, naye amekwisha kwenda zake. Ninachojua ni kwamba ndege wale walikuwapo kila likizo, na bila mdomo uliofungwa nisingewaona.

Siku hizi, kila kipupwe, nawapeleka wanafunzi wangu kwenye bwawa lililo nje kidogo ya mji. Nawasimulia habari ya mdudu, nusu zote mbili, na anayetaka namchotea mmoja kwa chujio. Wengi hushindwa kabla ya kereng'ende wa kwanza kutetemeka. Hucheka, wakaanza upya.

Mwaka huu alikuwapo mtoto mmoja msemaji kuliko Shija, asiyemaliza kipindi bila kuhamishwa dawati. Aliumwa, akajikunja kwenye nyasi karibu na maji. Kereng'ende wakaruka wote. Wenzake wakaanza kupuliza, wengine wakaupata mluzi, na muda wa kurudi ukafika, yeye bado ameinama pale pale. Hata leo siiti jina la mtu kando ya maji, kwa hiyo nikampigia mluzi wa bibi, mrefu wenye mkunjo mwishoni.

Hakujibu wala hakugeuka. Aliinua mkono mmoja polepole, akaniashiria ninyamaze, na kwa kidole akanionyesha majini.